Mchi, Kinu na Mwanya: Maneno Niliyowaambia Wahitimu wa Ufundi Vyuma

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka mbali, na ninyi wanangu mnaohitimu leo. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Kabla sijafika mbali, naomba lile kopo lianze kuzunguka kutoka mstari wa mbele. Mna washa humo, yaani zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, za boliti ya milimita 12, kama zile zinazouzwa kwa kilo madukani. Hizi nimezichukua moja kwa moja chini ya presi, ile mashine inayoshuka kwa nguvu kukata bamba, kabla hazijasuguliwa kwenye pipa, kwa hiyo shikeni taratibu zisije zikawakata. Kila mtu achukue moja, wala asiitie mfukoni. Nusu ya maneno yangu nitayasema kwa hicho kidude mlichoshika.

Mkuu wa chuo aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, waeleze hawa vijana tofauti ya zana na dai, maana wanachanganya." Dai hapa ni kile chombo cha chuma kinachofungwa kwenye presi ili kukata au kukunja bamba. Nikamjibu kwamba hata viwandani tunachanganya, na kuna siku kuchanganya huko kunasimamisha uzalishaji miezi. Ndiyo maana nimekuja kwa moyo mmoja.

Zana ni neno pana. Nyundo ni zana, tindo ni zana, tupa, jiriwa, keekee, mkasi wa bati, zote ni zana. Nyundo yenyewe haijui inatengeneza nini. Inakwenda inakotumwa na mkono: asubuhi inapiga jiko, mchana inanyoosha bodi ya gari, jioni inagongomea msumari. Nenda Kamukunji kule Nairobi, au hapa kwetu Gerezani, Dar es Salaam, utamkuta fundi anakata bamba kwa tindo, analikunja juu ya kipande cha reli, na kinatoka kitu kizuri ambacho mama atakitumia miaka. Lakini umbo la kitu hicho halimo ndani ya tindo, wala halimo kwenye reli. Limo kichwani mwa fundi na katika kiganja chake. Fundi akiugua, umbo nalo limelala kitandani.

Dai imeshabeba umbo lake. Ukiiweka mezani bila presi, bila bamba, bila mtu, bado inajua washa ni nini, ina upana gani na tundu lake linakaa wapi. Anayebonyeza presi anaweza kuwa kijana aliyeajiriwa jana, na washa ya kwanza atakayoitoa itafanana na ya elfu kumi. Hakuna muujiza hapo. Ujuzi ulishatiwa ndani na mtu mwingine, kwa wiki nyingi, mbele ya mashine ya kusaga na maikromita. Kwa hiyo kila dai ni zana, lakini zana nyingi si dai, na dai ni zana iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, isiyojua nyingine.

Niseme na hili jina lenyewe, maana linatatiza. Fundi bomba akisema dai anamaanisha ile ya kukatia meno kwenye bomba; hiyo ni jamaa ya mbali, tuiache. Wengine wanasema kalibu, lakini kwa watu wengi kalibu ni ile ya kumiminia madini yaliyoyeyuka. Katika kazi yetu hakuna kinachoyeyuka. Bamba linaingia baridi na linatoka baridi, limebadilishwa umbo kwa nguvu peke yake. Halafu sisi wenyewe karakanani neno dai tunalitumia kwa maana mbili. Mara tunamaanisha chombo kizima, juu na chini, na pini zake za kuongozea, bushi zake na springi zake. Mara tunamaanisha kile kipande cha chini chenye tundu tu, na kile cha juu kinachoshuka tunakiita panchi. Mwenzio akikwambia "dai imevunjika," muulize kwanza ni ipi.

Njia nyepesi ya kuelewa panchi na dai tumekua nayo nyumbani. Panchi ni mchi, dai ni kinu. Mchi peke yake ni gogo, na kinu peke yake ni gogo lenye shimo. Vikikutana, mpunga unakuwa mchele. Tena yule anayetwanga anajua kuupeleka mchi katikati, usigonge ukingo, kwa sababu mchi ukila ukingo wa kinu vyote viwili vinaharibika na chakula kinaingia vibanzi. Presi haina macho ya mwanamke anayetwanga, ndiyo maana tunaweka zile pini za kuongozea pembeni ili mchi wetu uende palepale kila safari.

Kwenye kinu cha nyumbani mchi unacheza, nafasi ni kubwa, hakuna anayejali. Kwenye dai ya kukata, ile nafasi kati ya ukingo wa panchi na ukingo wa tundu ndiyo kazi yenyewe. Mimi nimezoea kuiita mwanya. Sisi watu wa pwani tunamsifu mtu mwenye mwanya katika meno, tunasema kajaliwa. Dai nayo ikiwa na mwanya sawasawa imejaliwa, na ikikosea mwanya hakuna presi ya bei gani itakayoiokoa.

Sasa tazameni washa zenu. Msitazame uso wake, tazameni ukingo wa nje, ule unene wa milimita 2.5. Ugeuze kwenye mwanga. Utaona mistari miwili imekaa kama pindo la kanga: mmoja unang'aa kama umepigwa msasa, mwingine umefifia, una chembechembe. Ule unaong'aa ni kama theluthi moja ya unene, ule uliofifia ndio mwingi.

Washa hii haikukatwa yote, kijana wangu. Sehemu kubwa ilipasuka. Panchi iliposhuka, kwanza bamba lilibonyea kidogo, ndiyo maana upande mmoja wa ukingo umejikunja ukawa laini. Kisha panchi ikazama ndani ya chuma, ikakikata kwa kukisugua, ukatokea ule mng'ao. Ilipofika theluthi hivi ya unene, chuma kikashindwa kuvumilia. Ufa mmoja ukaanzia kwenye makali ya panchi ukishuka, ufa wa pili ukaanzia kwenye makali ya dai ukipanda. Mwanya ukiwa sawa, nyufa hizo mbili zinakutana katikati kama watu waliopeana miadi, na washa inaanguka. Panchi inaendelea kushuka kidogo kwa ajili ya kuisukuma tu.

Mwanya ukibana mno, nyufa zinapishana. Chuma kinabaki katikati na lazima kikatwe mara ya pili. Utaona mistari miwili ya mng'ao badala ya mmoja, presi inalalamika, na makali ya panchi yanaliwa upesi. Mwanya ukizidi, bamba linavutwa kabla ya kupasuka, ukingo unakuwa na bonde upande mmoja na miiba mikali upande wa pili. Kwa chuma laini cha kawaida, mwanya wa kila upande huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya unene wa bamba. Kwa washa yako ya milimita 2.5, ukichukua asilimia 8, mwanya ni milimita 0.2. Karatasi mbili za daftari zikilazwa pamoja, basi.

Hapo kuna swali ambalo nimewauliza vijana wengi wanaokuja kuomba kazi, na wengi wanakwama. Ukitaka tundu la milimita 13, panchi iwe ngapi na dai iwe ngapi? Jibu: tundu linafuata panchi. Panchi iwe 13 kamili, na mwanya unautoa kwenye dai, iwe 13.4. Na ukitaka duara la nje la milimita 24? Kile kinachoanguka chini kinafuata dai. Dai iwe 24 kamili, panchi iwe 23.6. Ukikosea hapo, ukapunguza pale pa kuongeza, utatengeneza dai nzuri, inayong'aa, iliyokula mwezi wa jasho, na kila washa itakayotoka itakuwa mbovu kwa milimita 0.4. Andikeni kwenye kava la daftari: tundu hufuata panchi, kinachoanguka hufuata dai.

Pitisheni kidole sasa, taratibu. Kwenye kopo nimechanganya washa za dai mbili tofauti, na mnaweza kuzitenganisha kwa kidole hata mkifumba macho. Washa nyingine upande mmoja umekwaruza wote, ukingo wa nje na wa ndani, na upande wa pili ni laini wote. Nyingine ukiugusa uso mmoja, ukingo wa nje unakwaruza lakini tundu ni laini. Ukiigeuza, mambo yanageuka. Hebu nyosheni mikono walioshika za aina ya pili. Naam. Hizo zimetoka kwenye dai ya hatua. Ukanda wa bamba uliingia, kituo cha kwanza kikatoboa tundu, ukanda ukasogea, kituo cha pili kikalikamata tundu kwa pini na kukata duara la nje. Miiba ya tundu hubaki upande wa dai, yaani chini. Miiba ya kitu kilichoanguka hubaki upande wa panchi, yaani juu. Ndiyo maana zimepishana. Zile za aina ya kwanza zilikatwa ndani na nje kwa pigo moja. Kwenye dai ile, kipande kimoja cha chini ni panchi ya duara la nje na papo hapo ni dai ya tundu, kwa hiyo miiba yote imelala upande mmoja. Na kwa kuwa kila kitu kilikatwa kwa pigo lile lile, tundu limekaa katikati kwa uhakika zaidi.

Kidude cha kuuzwa kwa kilo kinaweza kukueleza kilizaliwa kwa mama gani. Mimi mpaka leo nikiokota kipande cha bati njiani huwa nakipitisha kidole.

Tukokotoe kidogo na nguvu, maana wengi wenu mtakabidhiwa presi na mtaulizwa kama inatosha. Unachukua urefu wa njia inayokatwa, unazidisha kwa unene, unazidisha kwa ugumu wa chuma dhidi ya kukatwa. Mzingo wa nje na wa ndani wa washa hii kwa pamoja ni milimita 116. Mara 2.5 unapata milimita za mraba 290. Chuma laini kinahitaji kama niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Jumla inapita niutoni 100,000, yaani tani kumi na ushee. Mzigo wa lori zima kwa ajili ya washa moja, tena wote unashuka kwa kufumba na kufumbua. Fundi mwenye akili huifupisha panchi moja kidogo kuliko nyenzake, kwa kadiri ya unene wa bamba, ili zisiume pamoja. Presi inapumua, na jengo halitikisiki.

Kukata si mwisho wa kazi ya panchi. Kuna kutoka. Chuma kikishatobolewa kinaibana panchi kama ugali unavyong'ang'ania mwiko, na panchi ikipanda inataka kupanda na bamba zima. Kwa hiyo juu ya bamba kunakaa bamba jingine la kuchopolea, linalolizuia lisifuate. Kazi hiyo ya kuchopoa inaweza kula asilimia 10 hadi 20 ya nguvu ya kukata. Nimeona panchi nyingi nyembamba zimevunjika, na nyingi zilivunjika zikipanda, si zikishuka. Springi za kuchopolea zilikuwa zimelegea upande mmoja, panchi ikavutwa kwa ubavu.

Nina kisa changu mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeshajiona fundi. Niliachiwa nifunge dai ya bawaba kwenye presi, zamu ya usiku, kiwanda ambacho sitakitaja. Niliifunga sehemu ya juu nikaikaza, kisha nikaifunga ya chini nikaikaza, bila kuzishusha pamoja taratibu kwa mkono zitafutane. Pini za kuongozea zilikuwa zimechakaa, nami nilijua. Nikabonyeza. Sauti ya panchi ikigonga uso wa dai hutaisahau. Si mlio wa chuma tu, ni kama mfupa. Panchi mbili zilikatika na dai ikapata ufa kutoka pembe moja hadi tundu la boliti. Wiki tatu mstari ule ulisimama. Mzee aliyeitengeneza ile dai alikuja asubuhi, akaketi kando yake kwenye kigoda, akaufuata ule ufa kwa kucha, hakusema neno. Nilitamani anitukane. Kisha akaniambia, "Lete tupa, tutaanza na pini." Kwa wiki tatu zile alinifundisha nisichofundishwa miaka mitatu.

Twende kwenye sufuria, maana hapo mambo yanapinduka, na wengi hawategemei.

Duara la alumini linawekwa juu ya dai, panchi inashuka, na badala ya kukatika, alumini inatiririka kuingia ndani mpaka inakuwa chombo. Makali hapa ni adui. Ukingo wa dai lazima uwe wa mviringo, mara nne hadi kumi ya unene wa bamba, uliosuguliwa mpaka ujione uso. Na mwanya? Kwenye kukata mwanya ni sehemu ndogo ya unene. Kwenye kuvuta mwanya unazidi unene, kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu chuma chote lazima kipite hapo kikiwa kizima. Panchi na dai ni wale wale, mchi na kinu, lakini umebadilisha mwanya na mviringo wa ukingo, na kazi ikawa nyingine kabisa.

Hapo anaingia mtu wa tatu, kibanio, anayelikalia bamba pembeni wakati linavutwa. Akilegea, ukingo unafanya mikunjo kama shuka isiyopigwa pasi. Akibana kupita kiasi, chuma hakishuki, na kitako cha sufuria kinachanika. Mafuta ya kulainisha ni sehemu ya dai vilevile, ingawa hayamo kwenye mchoro. Na usiwe na tamaa: duara la bamba likizidi mara mbili ya kipenyo cha panchi, kwa kawaida halitavutika kwa pigo moja. Vuta kwanza fupi na pana, kisha uivute tena ndefu na nyembamba.

Mikunjo ile ya sufuria ni kasoro, lakini kuna mtu aliigeuza ikawa kazi. William Painter wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya kizibo cha chupa mwaka 1892, kizibo hiki hiki mnachofungua kwenye soda. Ukikichunguza, yale meno ni mikunjo. Bati la duara likilazimishwa kuwa kikombe lina chuma cha ziada pembeni, na hicho chuma hakina pa kwenda ila kujikunja. Dai ya kizibo inakiambia kijikunje wapi na mara ngapi. Cha Painter kilikuwa na meno 24, cha siku hizi kina 21. Hesabuni leo wakati wa chai.

Kizibo kina upana wa milimita 32 na kimo cha milimita 6, na bati lake ni kama robo ya milimita. Sasa tieni akili: asilimia 8 ya robo milimita ni milimita 0.02. Unywele wa kichwa chako unaweza kuwa mara tatu ya mwanya huo. Na dai ile inakata na kukunja vizibo vingi kwa pigo moja, siku nzima. Pini za kuongozea zikichakaa kwa unene wa unywele, basi panchi imeshagusa dai. Mkikiona kiwanda cha vizibo kimesafishwa kama zahanati, mjue sababu.

Tena mashimo kwenye lile bati hayapangwi kwa mistari iliyonyooka. Ukipanga maduara kama askari wa gwaride, hata yakigusana unatumia asilimia 78 tu ya bati. Ukiyapanga kwa kupishana, kama mayai yanavyotafuta nafasi kwenye kikapu, unaweza kukaribia 90. Mwenye kiwanda anayelalamika kwamba bati ni ghali, mara nyingi pesa yake inalala sakafuni kati ya mashimo, na aliyeilaza pale ni yule aliyechora dai.

Nifike kwenye linaloniuma. Tangu SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ianzishwe mwaka 1973, nchi hii inazungumza viwanda vidogo, na mimi ni mmoja wa walionufaika na mazungumzo hayo. Lakini mara nyingi tunaponunua kiwanda, tunanunua presi. Presi inapigwa picha, inakatiwa utepe. Presi ni mkono tu wenye nguvu. Nguvu unaweza kuinunua hata iliyotumika. Dai inakuja imefungwa ndani ya sanduku kama nyongeza, na hakuna anayeuliza mchoro wake uko wapi. Nimeshuhudia kiwanda kimoja kikisimama miezi kwa sababu panchi moja ndogo kuliko kidole changu cha mwisho ilivunjika. Hawakuwa na mchoro, hawakujua ni chuma gani, hawakujua kilitiwa ugumu kwa moto gani. Wakaagiza nyingine ng'ambo. Ilipofika haikuwa na kipimo sawa, maana dai ilishasagwa mara mbili na hakuna aliyeandika. Vijana arobaini walikaa nyumbani wakingoja kipande cha chuma ambacho mmoja wenu aliyeketi hapa angekitengeneza kwa siku nne.

Angekitengeneza kwa chuma gani? Si nondo. Nondo na chuma laini cha dukani havina kaboni ya kutosha. Ukivichoma na kuvizamisha havigandi ugumu wa kukata. Viwandani tunatumia chuma cha zana, na kinachopendwa zaidi kwa kukata bamba ni D2, chenye kaboni asilimia 1.5 na kromiamu 12. Unakipasha kupita kidogo nyuzi 1,000 za Selsiasi, unakiacha kipoe kwenye hewa tu, kisha unakirudisha kwenye moto mdogo ili kisivunjike kama kioo, na kinakaa kwenye ugumu wa 60 kwa kipimo cha Rockwell C. Wengi wetu tulianzia kwenye springi bapa za lori. Unakata, unachonga kikiwa laini, unakichoma mpaka kiwe na rangi ya nyanya iliyoiva, unakizamisha kwenye mafuta. Sioni aibu kulisema hili. Dai yangu ya kwanza iliyouza ilikuwa springi ya lori, ilikata vishikizo vya ndoo, na mteja alirudi akitaka ya pili.

Lakini chuma kizuri hakimwondolei fundi wajibu wa kuisikiliza dai. Miiba kwenye ukingo ikianza kukua, makali yamelala. Usiongeze nguvu ya presi. Fungua, saga uso wa panchi na wa dai, sehemu chache za kumi za milimita, weka shimu, yaani vipande vyembamba vya bati, chini kurudisha kimo, na uandike tarehe na kiasi ulichosaga. Kitabu hicho cha kumbukumbu kifungwe kwa kamba kwenye dai yenyewe. Kile kiwanda nilichowasimulia kilipotezwa na kukosa daftari la shilingi mia tano.

Na vidole. Wazazi wako hapa, nitasema wazi. Presi nyingi zina vitufe viwili mbali mbali, ili mikono yote miwili iwe nje wakati panchi inashuka. Nilifanya kazi na kaka mmoja, mpole, mwimbaji mzuri. Msimamizi alitaka hesabu ipande, kitufe kimoja kikafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mkono mmoja ubaki huru kulisha bamba. Ilichukua wiki mbili tu. Yule kaka alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Tani kumi haziulizi chuma ni kipi na mfupa ni upi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003, lakini siku hiyo usiku wa manane sheria haitakuwa pale, utakuwa wewe. Ukikuta kitufe kimefungwa, kifungue. Wakikuambia ondoka, ondoka na mikono yako. Na ukiingia katikati ya dai kuitengeneza, zima umeme, weka gogo la chuma kati ya juu na chini, kila mara, hata kwa dakika moja.

Nimekuja na dai moja. Iko pale mlangoni chini ya turubai, ni ya washa hizo hizo. Baada ya chai tutaifungua yote, boliti kwa boliti, na mtaona mchi na kinu vimekaaje. Tutaifunga tena, kisha nitawaonyesha jambo ambalo mzee yule wa kigoda alinionyesha. Kabla hujaipa dai chuma, ipe karatasi. Gazeti linatosha. Ishushe kwa mkono, taratibu, kisha toa karatasi uitazame kwenye mwanga kuzunguka duara zima. Pale ilipokatika safi, panchi na dai zimekaribiana. Pale karatasi inaponing'inia kwa nyuzinyuzi, mwanya umefunguka upande huo, na panchi imehamia upande wa pili. Unalegeza boliti, unagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, unajaribu karatasi nyingine, mpaka duara lote likatike sawa.

Nitahitaji vijana wanne wa kuibeba mpaka karakana, ina kilo sitini. Na mmoja atafute magazeti ya zamani.